Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: chumba chetu cha michezo laini kwa watoto wadogo, Njiro, Arusha

Wazazi wengi hutupigia simu kabla ya kuja, na maswali yao yanafanana. Tumeyaandika hapa pamoja na majibu tunayoyatoa kwenye simu. Kama una haraka na utasoma moja tu, soma lile la kumwacha mtoto ukaenda sokoni.

Hapo kuna nini hasa?

Ni chumba kimoja kikubwa, sakafu yote imetandikwa godoro gumu ukuta hadi ukuta. Ndani kuna vitalu vya sponji vya kupanda na kushuka, ngazi tatu, mtelezo mfupi, handaki la kutambaa, bwawa la mipira, na kona yenye vitabu, midoli na vyombo vya kupikia vya kuchezea. Kila kitu kiko chini. Mahali pa juu kabisa mtoto anapoweza kufika hapafiki kiunoni mwa mtu mzima.

Trampolini hatuna. Jumba la upepo hatuna. Mashine za kutumbukiza sarafu hatuna, wala spika. Kuna wanaofika, wakaangalia huku na huku, wakauliza, "Ndiyo haya tu?" Ndiyo haya tu. Kaa dakika kumi umwangalie mtoto wa mwaka mmoja na nusu akipanda zile ngazi tatu: anaweka goti, anasita, anakugeukia kuona kama umemwona, anapanda, anashuka kwa makalio, anaanza upya. Atafanya hivyo nusu saa. Kuongeza taa za rangi na muziki hapo ni kumsumbua mtu yuko kazini.

Mnapokea watoto wa umri gani?

Kuanzia anayeweza kukaza shingo hadi siku moja kabla ya kutimiza miaka sita. Kuna uzio mfupi unaotenga eneo la wachanga, yaani wanaolala kifudifudi, wanaotambaa na wanaosimama dede. Anayekimbia haruki uzio huo, hata kama mdogo wake yuko upande wa pili na anamwita.

Kaka yake ana miaka saba, ni mpole sana. Hawezi kuingia naye?

Hapana, na jibu hili halibadiliki siku za sikukuu.

Hatuna wasiwasi na tabia yake, tuna wasiwasi na kilo zake. Mtoto wa miaka saba ana uzito zaidi ya mara mbili ya mtoto wa mwaka mmoja, na anapokimbia hatazami chini. Maumivu mengi kwenye viwanja vya ndani hayatokani na vifaa. Yanatokana na mkubwa kumwangukia mdogo. Ndiyo sababu hiyo hiyo madaktari wa mifupa wa Marekani, kupitia chama chao, wanasema walio chini ya miaka sita wasipande trampolini kabisa: mara nyingi anayeumia ni yule mdogo anayerushwa na uzito wa mwenzake.

Mkubwa huyo anakaribishwa barazani. Kuna meza, karatasi, penseli za rangi na draft. Hatumtozi.

Naweza kumwacha hapo nikaenda sokoni mara moja, nikirudi nimchukue?

Hapana. Tunajua Arusha kila mtu ana mbio zake, na kwamba "mara moja" ya kwenda soko la Kilombero kununua nyanya inaweza kweli kuwa mara moja. Hata hivyo, hapana.

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Vituo vya kulelea watoto mchana vina utaratibu wake wa usajili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na vinakaguliwa na maofisa ustawi wa jamii. Sisi si kituo cha namna hiyo. Tuna eneo la michezo, na wahudumu wetu kazi yao ni kuangalia usalama wa chumba, kufuta, kupanga na kuwakumbusha watu taratibu. Hawalishi mtoto, hawambadilishi nepi, hawambembelezi alale.

Sababu ya pili ndiyo tunayoijali zaidi. Chumba hiki kimepangwa kwa ajili ya watu wawili, mtoto na mtu wake. Mtoto wa miaka miwili anathubutu kuingia kwenye handaki kwa sababu anajua upande wa pili kuna uso anaoujua. Ukiuondoa uso huo, handaki linabaki shimo la giza. Tumejaribu kueleza jambo hili kwa njia nyingi, na hiyo ndiyo watu wanayoielewa haraka.

Ukitaka kwenda msalani au kupokea simu nje, mwambie anti, yaani mhudumu wetu, aliye karibu, atasimama hapo. Hiyo ni dakika tano, siyo Kilombero.

Lazima aje na mama? Dada anaweza kumleta? Bibi je?

Yeyote mwenye miaka kumi na minane na kuendelea ambaye mtoto anamjua na kumzoea: baba, dada wa kazi, bibi, babu, shangazi, jirani. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa watoto wawili, na kama kuna asiyetembea bado, tunapendelea mmoja kwa mmoja.

Dada anaingia bure kama mzazi anavyoingia bure. Tunalisema wazi kwa sababu baadhi yao hufika wakasimama mlangoni, wameshika mkoba, wakidhani mahali pao ni nje. Pale mlangoni kuna namba mbili za kitambaa zinazofanana: moja kwa mtoto, moja kwa aliyemleta. Mtoto hatoki na mtu mwenye namba tofauti, hata akija mtu amevaa suti na kujitambulisha kuwa ni mjomba. Kama kuna mabadiliko ya nani atamchukua, mzazi atupigie mwenyewe kwa namba aliyoiandikisha.

Bibi na babu tumewawekea viti vyenye egemeo ndani, si barazani. Magoti yakikataa kukaa chini, hakuna tatizo. Mjukuu ataleta mipira mpaka kwenye kiti.

Na mimi mtu mzima nifanye nini humo ndani? Nikae tu?

Swali zuri, maana wengi huona haya kuuliza. Vua viatu, ingia, kaa sakafuni. Nusu ya kazi imeisha.

Nusu nyingine ni kutofanya mengi. Usimbebe kumpandisha mahali ambapo hajaweza kupanda mwenyewe, kwa sababu aliyepandishwa hajui kushuka. Usimwambie "utaanguka, utaanguka" kila hatua; mahali pa kuangukia ni sponji, na kuanguka kidogo ndiko kunakomfundisha mguu wake unapoishia. Akikwama, subiri kidogo kabla ya kumnasua. Taja anachofanya kwa maneno ya kawaida: umepanda, umeshuka, umeingia ndani, mpira umekwenda wapi? Kwa mtoto anayeanza kusema, maneno ya juu, chini, ndani na nje anayashika haraka zaidi mwili wake ukiwa juu, chini, ndani na nje.

Simu hatukunyang'anyi. Ila mtoto akikugeukia ukawa umeinama kwenye skrini, yeye hajui kwamba unajibu ujumbe wa kazini. Anajua hukuona.

Mwanangu analia, hataki kuingia kabisa. Mnarudisha hela?

Mkiondoka ndani ya robo saa ya kwanza, ndiyo, tunarudisha yote. Lakini kwanza jaribuni hivi.

Msimsukume na msimdanganye. Kaa naye barazani pale mlango wa kioo unapoonyesha ndani, mle kitu kidogo, aangalie. Mtoto mwingine anahitaji kuangalia wenzake muda mrefu kabla ya kuchovya mguu, na huko kuangalia nako ni kushiriki. Kisha ingia wewe, kaa karibu na mlango, cheza na kitalu kimoja bila kumwita. Mara nyingi udadisi unamshinda.

Njoo asubuhi, siku ya kazi. Jumamosi jioni hata sisi tunaona kelele ni nyingi. Na kama amelala vibaya au ana njaa, hakuna mbinu itakayosaidia. Nendeni nyumbani, mje siku nyingine.

Jambo moja tunaliomba kwa heshima: mtoto asiambiwe "wenzako hawalii, angalia mtoto wa kike anacheza, wewe mwanaume unalia." Amekuja mahali pageni penye watu asiowajua. Analia kwa sababu ya maana.

Amemng'ata mwenzake. Nitaonekanaje?

Utaonekana kama mzazi wa mtoto wa miaka miwili. Kung'ata, kusukuma na kunyang'anya ni kawaida katika umri ambao hasira imekuja lakini maneno bado. Mwondoe taratibu, mwambie kwa ufupi kwamba kung'ata kunauma, kisha umwangalie aliyeumizwa. Kumpiga mbele za watu hatukuruhusu hapa. Akirudia mara ya pili na ya tatu, basi amechoka, ni wakati wa uji na safari ya nyumbani.

Mzazi wa aliyeng'atwa: tunaosha kwa sabuni na maji, tunaandika kwenye daftari, na ngozi ikiwa imechanika tunakushauri umwone daktari. Mtoto wa mwenzako usimkaripie wewe. Tuite.

Ana miezi kumi, bado hatembei. Si atakaa tu?

Miezi kumi ndiyo umri wa raha kabisa humu. Atatambaa juu ya kimlima, atajivuta asimame dede kwenye kitalu, ataambaa pembeni akishikilia, ataanguka makalio, ataanza tena. Anayeweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa anaruhusiwa bwawa la mipira akiwa mikononi mwako. Asiyekaa bado haingii kabisa, maana anaweza kuzama uso kwenye mipira na asijue kujigeuza.

Woka, vile vigari anavyosimamishwa mtoto ili ajifunze kutembea, msije nazo. Tunajua zimejaa madukani na bibi amenunua kwa mapenzi. Mtoto ndani ya woka anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, na hajifunzi kujisawazisha, haimwahishi kutembea. Kubwa zaidi ni hatari ya kuporomoka nayo kwenye ngazi au kufikia chai ya moto mezani. Canada ilipiga marufuku kuuzwa kwake tangu mwaka 2004.

Akisinzia, mbebe. Asilale kifudifudi kwenye sponji wala kwenye mito, hata kama anaonekana ametulia kweli. Mtoto mchanga hulala salama chali, mahali pakavu, pagumu na tambarare. Kuna kitanda kidogo cha namna hiyo kwenye chumba cha kunyonyeshea.

Mnasafishaje ile mipira? Niambieni ukweli.

Hili ndilo swali la pili kwa wingi, na tunawapenda wanaoliuliza.

Kila siku, vitalu, mtelezo na godoro vinafutwa kwa maji ya sabuni asubuhi, saa saba mchana na baada ya kufunga. Midoli iliyowekwa mdomoni inatupwa kwenye beseni jekundu, hairudi hadi ioshwe. Ukimwona mtoto wako ananyonya kijiko cha kuchezea, usikirudishe mahali pake, kitupe humo.

Jumatatu tunafunga kwa ajili ya mipira. Inachotwa kwenye viroba, inamwagwa kwenye matenki ya plastiki yaliyokatwa nusu nyuma ya nyumba, inasuguliwa kwa sabuni ya unga, inasuuzwa, inachovywa kwenye maji ya klorini, inasuuzwa tena, halafu inaanikwa kichanjani. Maji ya kwanza hutoka rangi ya chai ya maziwa. Chini ya bwawa, kabla ya kurudisha mipira, tunafagia na kupiga deki, na hapo ndipo tunapokuta utajiri wa Njiro: soksi moja moja, vibanio vya nywele, vipande vya chapati, sarafu za shilingi 200, na mara moja funguo za gari ambazo mwenyewe alikuwa ameshachongesha nyingine. Mwezi wa Julai, jua la Arusha linapogoma hadi mchana, mipira haikauki kwa siku moja. Basi Jumanne bwawa linabaki limefungwa hadi ikauke, na tunaandika mlangoni. Mipira mibichi iliyorundikwa huota uvundo.

Mlangoni kuna bomba na sabuni ya maji, na kila anayeingia ananawa, mtoto na mtu mzima. Vitakasa mikono vya spiriti vipo lakini havichukui nafasi ya sabuni, kwa sababu kuna virusi vya kuhara ambavyo spiriti haiviwezi vizuri. Vinaondoka kwa kusuguliwa chini ya maji yanayotiririka.

Ana mafua kidogo tu. Tuje?

Kamasi nyepesi, hana homa, anacheza na anakula: njooni na kitambaa cha kumfuta. Zaidi ya hapo, subirini.

Homa, asije. Kuhara au kutapika, asije hadi zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Macho mekundu yenye tongotongo, asije hadi yapone. Tetekuwanga, hadi malengelenge yote yakauke na kufanya magamba. Mapunye kichwani na upele unaowasha, aanze matibabu kwanza na mtabibu aseme yuko salama kwa wenzake. Na ukiwa umeshakuja naye hapa, kesho yake akatokewa na ugonjwa wa kuambukiza, tupigie. Hatutamtaja kwa mtu. Tutaosha upya na kuwajulisha waliokuwepo.

Mnadai kadi ya kliniki?

Hatudai. Tunauliza tu kama chanjo zinakwenda vizuri, hasa ya surua na rubela ambayo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Surua husambaa kwa hewa, na humu ndani kuna wachanga ambao zamu yao haijafika. Chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, husaidia sana dhidi ya kuhara kukali, lakini haifuti haja ya kunawa mikono.

Avae nini?

Soksi zenye vidoti vya mpira chini. Kama hana, tunauza jozi kwa shilingi 3,000. Anayejifunza kutembea ni bora zaidi akiwa peku, baada ya kunawishwa miguu. Suruali laini ni nzuri kuliko gauni refu, ambalo hukanyagwa na mwenyewe kwenye ngazi. Pampasi lazima kwa asiyejua kusema anataka kwenda haja. Akichafua, hatugombi, tunaosha.

Hapa Arusha watoto huvalishwa majaketi ya kofia kuanzia Mei hadi Agosti, na yana kamba shingoni. Kamba hizo zinanasa kwenye mtelezo. Vua jaketi au uchomoe kamba.

Shanga za nywele tunaziogopa kuliko kitu kingine. Msichana amesukwa vizuri, kila msuko una shanga nne mwishoni, uzi unakatika, na zinamwagika katikati ya watoto wanaoonja kila wanachokiona. Zifungeni kwa kitambaa au mje na misuko isiyo na shanga. Hereni ndogo zenye skurubu hazina tatizo. Mikufu, bangili za shanga na kamba za shingoni zinavuliwa.

Hirizi je? Hilo tunaliuliza pembeni, si mbele za watu. Familia isiyotaka kuivua, mtoto atacheza eneo la zulia na kona ya vitabu ambako hakuna pa kunasa.

Tunaruhusiwa kuja na chakula?

Barazani ndiyo, ndani hapana. Kipande kimoja cha andazi kikidondoka chini ya godoro, sisimizi watakuwa wamefika kabla ya wewe kufika getini. Njooni na uji kwenye chupa ya chai, ndizi, viazi, chochote. Maikrowevu ya kupashia ipo.

Karanga, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima haziruhusiwi hata barazani. Kwa watoto wa umri huu ndizo zinazoziba njia ya hewa. Zabibu ukizikata nne kwa urefu, sawa. Kwa nyumbani, tumia kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha: kitu chochote kinachopita humo, mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe kuchezea. Mipira yetu ina kipenyo cha sentimita 8, haipiti.

Maziwa ya mama mnanyonyesha popote, ndani au nje, ukiwa na kanga au bila kanga. Chumba maalumu kipo kwa anayetaka utulivu tu, si kwa ajili ya kujificha.

Maji ya kunywa mnayo?

Yapo, bure, ya chupa kubwa, na tunachagua yenye floraidi kidogo kwa kusoma lebo. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana floraidi nyingi kwa asili kutokana na miamba ya volkano, na ndiyo inayoleta yale meno ya kahawia. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi katika miaka hii hii. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, ndiyo kwanza inakolea.

Umeme ukikatika?

Mchezo unaendelea. Jumba la upepo hutegemea feni, umeme ukienda linanywea na watoto ndani. Sponji haina habari. Madirisha ni makubwa, na ikifika saa kumi na moja jioni siku ya mawingu tunawasha taa za sola.

Tunaweza kufanya sherehe ya kuzaliwa?

Ndiyo, kwa watoto kumi na wawili tu, asubuhi ya Jumamosi au Jumapili. Keki inakatwa barazani. Mishumaa inawashwa huko huko, mbali na mlango, na ile inayorusha cheche hatuiruhusu popote.

Msituone wakali. Sponji ikishika moto huwaka kwa kasi na moshi wake una sumu inayomwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Kwa hiyo hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna udi ndani. Chumba kina milango miwili inayofungukia nje, haifungwi kwa kufuli wakati kuna watu, na mitungi ya kuzimia moto iko kando ya kila mlango. Namba ya Zimamoto ni 114. Iandike kwenye simu yako hata kama hutakuja hapa.

Maputo pia hapana. Likipasuka, kipande chake ni hatari mdomoni kuliko karanga.

Mwanangu ana usonji. Kelele zinamchosha. Panamfaa?

Tunadhani panamfaa, na tungependa uje uone kwanza bila yeye. Jumatano asubuhi, saa tatu hadi saa tano, ni muda wa utulivu: watoto wasiozidi sita, taa zimepunguzwa, hakuna sherehe, hakuna mgeni wa ghafla. Handaki lina upande mmoja uliozibwa kwa pazia zito, na kuna watoto wanaoingia humo kupumzika. Asitolewe kwa nguvu.

Kwa mwenye mtindio wa ubongo au anayetumia kiti cha magurudumu, mlango ni mpana na hauna kizingiti. Ndani tuna kabari na mito ya mviringo ya kumwegemeza. Kama anafanya mazoezi ya viungo hospitali, njoo na maelekezo ya mtaalamu wake, tukupangie vitalu vinavyolingana nayo. Mazoezi yenyewe hatuyafanyi sisi.

Akiumia?

Kuna sanduku la huduma ya kwanza na barafu. Akigonga kichwa, hata kama amenyamaza baada ya dakika mbili, tunakuandikia saa na mahali alipogonga. Ukiona anatapika tena na tena, anasinzia isivyo kawaida na ni vigumu kumwamsha, anapata degedege, anatembea kama aliyelewa au mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali.

Picha naruhusiwa kupiga?

Za mwanao, piga. Za watoto wa wenzako usipige, na wakitokea nyuma usiweke mtandaoni. Sisi wenyewe hatuweki sura ya mtoto yeyote kwenye kurasa zetu. Matangazo yetu ni ya sponji tu, ndiyo maana yanaonekana kama ya duka la magodoro.

Ni bei gani? Wageni mnawatoza zaidi?

Shilingi 6,000 kwa mtoto kwa saa mbili siku za kazi, 8,000 mwisho wa wiki na sikukuu. Asiyetimiza miezi sita haingii kwenye hesabu. Ndugu wa pili analipa nusu. Fedha taslimu au lipa namba. Bei ni moja kwa mkazi, kwa mgeni wa safari na kwa aliyekuja jana kutoka Ulaya.

Samahani, lakini sisi tulikua tunacheza nje bure. Kwa nini nilipie sponji?

Kama una uwanja wenye majani, kivuli na geti linalofungwa, hutuhitaji kila wiki. Udongo, vijiti na kuku ni walimu wazuri kuliko kitu chochote tunachouza.

Tulifungua kwa ajili ya wale ambao uwanja wao ni maegesho ya magari matatu ya wapangaji na kamba za nguo. Na kwa ajili ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, matope ya Njiro na Moshono yanapomtoa mtu viatu. Na kwa Juni na Julai, asubuhi zile ambazo mji huu, ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, unawaweka watoto wote mbele ya televisheni wamevaa soksi mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne ajongee angalau dakika 180 kwa siku, zikigawanywa hapa na pale. Ndani ya sebule ya kupanga yenye kabati la vioo, hizo ni dakika nyingi sana za kusema "acha!"

Tunafikaje, na mnafungua saa ngapi?

Jumanne hadi Jumapili, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kutoka mjini panda Hiace ya Njiro. Ukipiga simu ukiwa njiani tutakuelekeza kituo cha kushukia. Kwa bajaji, mwambie dereva asikulipishe bei ya mtalii. Bodaboda na mtoto mchanga, tafadhali hapana.

Akisinzia njiani tukafika amelala, saa zetu mbili si zitaisha?

Hazitaisha. Kaeni barazani, kunywa chai, mwache alale. Muda unaanza kuhesabiwa anapovua viatu.